Mboga Mbili, Tunda Moja: Smuthi ya Nyumbani kwa Mkazi wa Nakuru

Wengi wanaonunua blenda huanza na matunda. Ndizi mbili, embe zima, yogati ya stroberi, kisha kijiko cha asali juu yake kwa kuwa asali "ni dawa". Kinachotoka ni kitamu ajabu, watoto wanagombania glasi, na mwenye nyumba anaridhika kwamba leo familia imekula vizuri. Lakini tupige hesabu. Ndizi ya kiasi ina takriban gramu 14 za sukari, na embe kubwa lililoiva huweza kupita gramu 40. Kabla hata ya yogati na asali kuingia, umekaribia gramu 70, ilhali chupa ya soda ya mililita 300 ina gramu 32 hivi. Ni kweli kwamba sukari ya tunda huja pamoja na nyuzinyuzi, vitamini na madini ambayo soda haina. Hata hivyo, matunda ambayo ungeyatafuna taratibu ukashiba kabla ya kuyamaliza, ukiyasaga unayanywa kwa dakika mbili na bado unatafuta chapati.

Ushauri wangu ni mwepesi kukumbuka: mboga mbili kwa kila tunda moja, maji au maziwa yasiyotiwa sukari, na kitu kidogo chenye mafuta. Mboga ndiyo mwili wa smuthi. Tunda kazi yake ni kuitia ladha. Kanuni hii inafaa popote, lakini kwa anayeishi Nakuru, Naivasha, Gilgil, Njoro au Molo inafaa zaidi, na sababu yake ni mahali tulipo.

Tulipo kati ya baridi na joto

Nakuru, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 2021, iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda kuelekea Molo unafika karibu mita 2,500, kwenye ukungu na makoti mazito. Ukishika barabara ya Mogotio, ukavuka Ikweta ukateremka hadi Marigat, mwendo wa karibu kilomita 100, umeshuka hadi mita 1,000 hivi na jasho linakutoka. Nyanda za juu za Molo, Elburgon, Mau Narok na Kinangop hutupa karoti, kabeji, spinachi, bitiruti, matunda damu na plamu. Bonde la chini, Baringo na Kerio, hutupa papai, maembe, tikitimaji na asali. Ndizi nyingi hupanda malori kutoka Kisii, na mananasi hutoka Thika na kwingineko.

Maana yake ni kwamba mboga zimelimwa karibu na matunda mengi yamesafiri. Ukizunguka Top Market au Soko la Wakulima asubuhi utaliona jambo hilo kwenye bei: fungu la sukuma wiki ambalo linatosha smuthi za siku tatu halifikii bei ya embe moja zuri nje ya msimu. Kwa hiyo anayejenga smuthi yake juu ya mboga anaokoa pesa na anapunguza sukari kwa pigo moja. Anayeijenga juu ya matunda ya mbali hukata tamaa wiki ya tatu, blenda ikarudi kwenye kabati.

Fuata msimu. Maembe hujaa sokoni kuanzia Novemba hadi Machi, plamu za nyanda za juu huja karibu na Krismasi na Januari, na maparachichi huwa mengi na mazuri kuanzia Machi hadi Septemba. Tunda la msimu limekomaa mtini, lina ladha, na halihitaji kusaidiwa na sukari.

Kabla ya matunda, maji

Kuna jambo ambalo vitabu vya mapishi kutoka ng'ambo havitakuambia kwa sababu haliwahusu. Maji ya ardhini katika Bonde la Ufa hupita katika miamba ya volkeno na kuyeyusha madini ya floraidi. Kiasi kidogo huimarisha meno, lakini kikizidi huyatia madoa ya kahawia, na kikizidi sana kwa miaka mingi huharibu mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa, na visima vingi vya eneo letu hupita kiwango hicho. Watoto ndio walio hatarini zaidi, maana meno yao ya kudumu yanaundwa katika miaka minane ya kwanza ya maisha.

Hapa ndipo watu hujidanganya. Kuchemsha maji huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, na ni jambo jema, lakini hakuondoi floraidi. Kwa kweli, maji yakipungua kwa mvuke, floraidi iliyobaki inakuwa nzito zaidi. Dawa ya klorini nayo haiigusi. Kinachosaidia ni maji ya mvua yaliyovunwa kwenye paa safi, au chujio lililotengenezwa kwa ajili ya floraidi. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ilipata sifa mbali kwa machujio ya mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe huchomwa, husagwa, na huinasa floraidi maji yanapopita. Kama unatumia kisima na hujui hali yake, yapeleke maji yakapimwe. Haina maana kutia vikombe viwili vya maji mabaya juu ya sukuma nzuri kila siku ya Mungu.

Kwa wanaotumia maji ya mvua, kumbuka kuyachemsha au kuyatibu kwa klorini kabla ya kusagia smuthi. Smuthi haipikwi, chochote kilichomo kwenye maji kitaingia tumboni kilivyo.

Kununua na kuosha

Muuzaji wa maparachichi atakuuliza swali kabla ya kukutajia bei: "Ya leo ama ya kesho?" Mjibu kwa kufikiria wiki nzima. "Mama, nipe moja ya leo na mbili za keshokutwa." Utamwona akiyapitia moja baada ya jingine, akigusa kwa kidole gumba karibu na kikonyo, mahali ambapo tunda hulainika. Mwache achague yeye, kwa kuwa wanunuzi wanaobonyeza katikati huacha alama nyeusi ndani ya nyama. Aina ya Hass hugeuka kutoka kijani hadi karibu nyeusi inapoiva. Fuerte hubaki kijani, kwa hiyo rangi haikuambii lolote. Jihadhari na maparachichi ya mwisho wa mwaka yaliyovunwa machanga: hayaivi, hunywea tu, na ukiyasaga hutoa ladha ya maji na uchungu.

Sukuma wiki chagua majani machanga yenye ukubwa wa kiganja. Makubwa ni mazuri kwa sufuria lakini mbichi huwa magumu na machungu. Bitiruti iwe ngumu na iwe na majani yake kama inawezekana, maana majani yakinyauka unajua imekaa. Tangawizi isiwe na mikunjo.

Sasa kuosha. Karoti ya sokoni inang'aa kwa sababu imeshaoshwa, lakini hukuona ilikooshewa. Ipitishe tena kwenye maji safi yanayotiririka, isugue kwa brashi, kisha iparue. Majani yatenganishe, uoshe kila jani pande zote mbili, hasa karibu na kikonyo ambapo udongo na wadudu hujificha. Sabuni usitumie. Chumvi au siki kwenye maji ya kuloweka husaidia kuwatoa wadudu, lakini kinachofanya kazi kubwa ni maji yanayotiririka na vidole vyako. Tunda ambalo utalimenya, kama tikitimaji, embe na parachichi, nalo lioshwe kabla, kwa sababu kisu kinachopita kwenye ganda chafu huingiza uchafu ndani. Osha nzima, ndipo ukate.

Kuosha hupunguza dawa za wadudu zilizobaki juu ya jani, ila hakumalizi zile zilizofyonzwa na mmea. Ndiyo maana anayekunywa majani mabichi kila siku anapaswa kufikiria bustani ya gunia. Gunia moja lililojazwa udongo na samadi, na nguzo ya kokoto katikati ya kupitishia maji, hubeba miche ya sukuma juu na ubavuni kote. Hata kwenye ploti za Kaptembwo au Free Area gunia hilo linapata nafasi mlangoni, na unajua fika ni nini kimepuliziwa na ni nini hakijapuliziwa.

Jani lipi mbichi, lipi lipite motoni

Si kila mboga ya meza yetu inafaa kuingia kwenye blenda ikiwa mbichi. Sukuma wiki, kabeji, tango, karoti, dania na mnanaa zinafaa. Sukuma iondolewe uti wa kati wa jani, la sivyo utaitafuna smuthi badala ya kuinywa.

Spinachi na terere, pamoja na bitiruti, zina asidi ya oksaliki kwa wingi, ambayo hushika kalisi na huchangia mawe ya figo kwa wenye mwelekeo huo. Majani hayo yatie kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja, yachuje, umwage maji yake, kisha yatie kwenye maji baridi. Rangi inabaki, ladha inapoa, na kiasi kikubwa cha oksaliki kimeondoka na maji. Njia hii pia ni kinga nzuri kwa yeyote asiyeamini maji yaliyomwagilia mboga zake.

Managu, saga na kunde ziache kwenye sufuria. Ni mboga bora kuliko nyingi za dukani, lakini zimezoea moto tangu enzi za bibi zetu, na managu mabichi yana kemikali chungu ambazo hazifai kunywewa. Viazi na mihogo mibichi kamwe visiingie kwenye blenda, hata ukisikia vinatajwa kuwa tiba ya vidonda vya tumbo. Muhogo mbichi hutoa sianidi.

Namna ya kusaga

Blenda nyingi za bei ya kawaida zina nguvu ya wati 300 hadi 500. Zinatosha, mradi usizitwishe mzigo wa mashine ya posho. Anza na maji au maziwa, kwa sababu visu vikizungukia kitu kikavu mota hupata moto na ukasikia harufu ya kuungua. Fuatisha majani peke yake, usage nusu dakika hadi yawe maji ya kijani yasiyo na vipande. Hapo ndipo utie tunda na parachichi. Ukitia kila kitu kwa pamoja, ndizi italainika haraka na majani yatabaki yakielea. Usijaze kupita theluthi mbili ya jagi, shika kifuniko kwa mkono, na pumzisha mota kila baada ya sekunde 40 hivi.

Karoti na bitiruti mbichi hushinda blenda ndogo. Zikune kwanza kwa mbuzi ya mboga, au zichemshe jioni unapopika chakula cha usiku, zipoe, uzitumie asubuhi. Usisage kitu chenye moto. Mvuke hurusha kifuniko na kukuunguza. Barafu pia huharibu visu na kuchosha mota. Ukitaka ubaridi, gandisha vipande vya ndizi.

Usichuje. Anayepitisha smuthi kwenye kichungi akatupa makapi ametupa nyuzinyuzi, nazo ndizo zinazopunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu na kulisaidia tumbo kufanya kazi. Isipokuwa pasheni, ambayo mbegu zake zikisagwa huwa kama mchanga mdomoni. Hiyo ikoroge kidogo, uchuje mbegu, kisha uichanganye.

Ukimaliza tu, tia maji na tone la sabuni, washa blenda kwa sekunde kumi, suuza, ianike ikiwa wazi. Mabaki yakikauka chini ya visu ni makao ya vijidudu.

Stima ikipotea, na hupotea, parachichi na ndizi mbivu huponda vizuri kwa uma, karoti na tango hukunwa, na mala hukorogwa kwa mwiko. Haitakuwa laini kama ya mashine, lakini chakula ni kilekile.

Smuthi nne za kuanzia

Vipimo hivi vinatoa glasi mbili. Viguse kidogo kidogo mpaka upate vinavyopendeza nyumbani kwako.

Ya kijani ya kila siku. Majani matatu machanga ya sukuma yaliyoondolewa uti, nusu tango na ganda lake, nusu ndizi, robo parachichi, kipande cha tangawizi kama ncha ya kidole, maji ya nusu limau, na kikombe kimoja na nusu cha maji. Limau usiliache. Vitamini C yake huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye sukuma, na huzuia parachichi lisigeuke kahawia. Parachichi nalo lina kazi: vitamini A na K za kwenye majani huhitaji mafuta ili mwili uzipokee.

Ya bitiruti na karoti. Nusu bitiruti ya kiasi na karoti mbili, zote zimechemshwa zikapoa, chungwa moja lililomenywa na kutolewa mbegu, tangawizi, kikombe kimoja cha maji, na njugu kijiko kimoja cha mezani. Njugu ziwe kavu, zisiwe zimekunjamana wala kubadilika rangi, kwa kuwa zilizoota ukungu huweza kubeba sumukuvu, na kukaanga hakuimalizi. Ukiona mkojo umekuwa na wekundu siku hiyo, usishtuke: ni rangi ya bitiruti inapita.

Ya malenge na papai, hasa kwa watoto. Kikombe kimoja cha malenge yaliyochemshwa, karoti moja iliyochemshwa, kipande cha papai la Baringo chenye ukubwa wa kiganja, maji ya nusu ndimu, robo parachichi, na kikombe kimoja cha maji. Malenge yana utamu wa asili na rangi ya machungwa inayowavutia watoto ambao wakiona kijani hukimbia. Wakishaizoea, anza kuongeza jani moja la spinachi lililopitishwa kwenye maji moto. Rangi itabadilika kidogo tu.

Ya mala na parachichi, ya kushika tumbo hadi mchana. Kikombe kimoja cha mala, nusu parachichi, tango dogo, jani moja la sukuma, nusu ndizi. Wanaopenda huongeza kijiko cha simsim. Hii ni mlo, si kinywaji cha kusindikiza mlo. Ukiinywa pamoja na mandazi manne umekula mara mbili.

Matunda damu yakiwa mengi, yachukue nafasi ya chungwa kwenye smuthi ya bitiruti. Yamwagie maji moto, ngoja dakika moja, na ganda lake chungu litavuka lenyewe. Mbegu zake huliwa.

Kuhusu maziwa, tumebarikiwa. Lakini maziwa ya jirani, hata kama ng'ombe umemwona kwa macho, yachemshe kwanza, kwa sababu mabichi huweza kuleta bruselosi na kifua kikuu. Yogati ya dukani soma pakiti yake. Zenye ladha ya vanila na stroberi nyingi zimetiwa sukari, kwa hiyo chagua isiyo na kitu, au tumia mala. Na usichanganye nanasi au papai bichi na maziwa ukaiacha smuthi ikae. Matunda hayo yana vimeng'enya vinavyovunja protini ya maziwa, na baada ya nusu saa utakuta uchungu ambao hata asali haiuondoi. Nanasi lisage kwa maji.

Baridi ya Julai je? Mkazi wa Molo hana haja ya kujilazimisha kinywaji baridi saa kumi na mbili asubuhi. Tumia maji vuguvugu, ongeza tangawizi, au inywe saa nne au alasiri. Hakuna kanuni inayosema smuthi lazima ifungue siku.

Wanaopaswa kuwa waangalifu

Mwenye kisukari asifikiri kwamba kitu kikiwa cha kijani hakina sukari. Apunguze tunda hadi nusu, aache ndizi mbivu sana, anywe pamoja na chakula, na apime sukari yake baada ya saa mbili aone mwili unavyojibu. Dawa zake asiziache.

Mwenye ugonjwa wa figo azungumze na daktari kabla ya kuanza, kwa kuwa ndizi, parachichi, spinachi na bitiruti zina potasiamu nyingi ambayo figo dhaifu haziwezi kuiondoa. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, ajue kwamba vitamini K ya sukuma hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Asianze ghafla kunywa glasi ya kijani kila siku bila kumweleza daktari wake. Balungi nalo huvuruga baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za kolesteroli, kwa hiyo uliza kliniki kwanza.

Mtoto chini ya miezi sita anatosheka na maziwa ya mama pekee. Asiyefikisha mwaka asipewe asali, hata ile safi ya Baringo, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyoleta ugonjwa wa botulizimu ambao tumbo changa haliwezi kupambana nao.

Na tuziweke kando ahadi kubwa kubwa. Smuthi haitoi sumu mwilini. Kazi hiyo inafanywa na ini na figo usiku na mchana. Wekundu wa bitiruti au wa tunda damu si dalili ya madini ya chuma. Anayetafuta kuongeza damu ale maharagwe, nyama, mboga za majani pamoja na kitu chenye vitamini C, na aiweke chai mbali na mlo kwa saa moja hivi, maana chai huzuia chuma kufyonzwa. Akiendelea kuchoka na kusikia kizunguzungu, aende kupimwa.

Kuhifadhi na kupanga wiki

Smuthi ni bora ikinywewa papo hapo. Kama kuna friji, itie kwenye chupa ya kioo iliyojaa hadi mdomoni, uimalize ndani ya siku moja. Bila friji, isikae zaidi ya saa mbili. Njia bora ya kuokoa muda ni kuandaa vifaa badala ya kuandaa kinywaji: Jumamosi osha na ukate sukuma, ndizi na malenge yaliyochemshwa, ugawe katika mikebe midogo yenye vifuniko, kila mkebe kiasi cha siku moja, ugandishe. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na mikebe hata hivyo hudumu zaidi. Asubuhi unamimina mkebe kwenye blenda, unaongeza maji na limau, basi.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, viazi na mihogo visihesabiwe. Glasi moja ya smuthi inachangia hesabu hiyo lakini haiimalizi. Sukuma ya jioni na kachumbari ya mchana bado zina nafasi yake, na meno yanahitaji kazi. Glasi moja ya mililita 250 kwa siku yatosha.

Kwa hiyo, msomaji, wiki hii usinunue kitu kipya. Ulizia kwanza maji unayotumia yanatoka wapi na kama yamepimwa floraidi. Nunua fungu la sukuma, karoti chache, tango, limau na parachichi moja la leo. Tengeneza smuthi moja ileile kwa siku tano bila sukari, ndipo uanze kubadilisha. Ulimi ukishazoea ladha ya mboga, utajikuta unapunguza hata ile nusu ndizi bila kuambiwa. Na kama baada ya siku tano umegundua kwamba hupendi kunywa mboga, usijilaumu: zipike, uzile na ugali, na ile blenda mpe jirani mwenye watoto wasiopenda kutafuna.